Kitabu cha mazingaombwe kilichonifanyia mimi mazingaombwe

Sijui nianzie wapi maana hasira bado iko hapa kooni. Kabla ya Idd nilinunua kitabu cha kujifunza mazingaombwe, vile viini macho vya sarafu, karata, kamba, kwa duka moja hapa tauni Mombasa, jina nalihifadhi. 1,800 imenitoka. Cha Kiingereza, kinene, kila ukurasa picha za mikono, nami nikasema haya, Idd hino watoto wa dadangu watanijua mimi ni nani.

Na kitabu kizuri wallahi, hapo sisemi urongo. Mwanzo kuna historia tamu, kumbe mwaka 1584 kule Uingereza Reginald Scot alitoa kitabu akafichua hizi mbinu za mikono, maana watu walikuwa wanaonewa kwa kuitwa wachawi naye akitaka waone mengi ni ujanja tu. Hiyo nikamsomea mamangu, kwa sababu tangu akione kile kitabu mezani alikuwa akinitupia jicho, "Mwanangu, haya si ushirikina haya?" Akasikiza mpaka mwisho, akasema haidhuru, lakini usifanyie chumbani kwangu.

Sasa nikaingia ule mchezo wa sarafu wanaouita frenchi dropu, ndio alfabeti ya kazi yote. Unashika sarafu kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kimeangalia juu, mkono wa kulia unakuja kama unataka kuichukua, dole gumba linapita chini ya sarafu, na... ukurasa wa 64 umeisha. Nafungua unaofuata, 81. Kamba! Jinsi ya kukata kamba na kuiunga. Nikadhani kurasa zimegandana, nikalowesha kidole, nikapangua mbele nyuma, hakuna. Kurasa 16 zima, wala hazikuchanwa, kwa sababu vitabu kama hivi hushonwa mafungu mafungu, na fungu moja halikutiwa kabisa huko kiwandani. Yaani kati ya kitabu chote, likose fungu hilo! Lingekosa lile la kushonea mifuko ya siri ndani ya koti nisingesema kitu, na joto hili letu nani anavaa koti.

Basi nikabuni mwenyewe. Idd pili watoto wamejipanga mkekani, mimi na ishirini yangu ya ndovu (kitabu kinataka nusu dola ya Marekani, ambayo ni pana zaidi, lakini hilo nishawasamehe), nikapitisha mkono, nikafumba ngumi, nikapuliza, kabla sijafumbua kale kadogo ka miaka sita hivi kakasema, "Mjomba, iko kwa mkono ule mwengine." Kicheko nyumba nzima. Shemeji alicheka mpaka biriani ikampalia.

Sherehe zilipoisha nikavuka feri na jua la utosi, nimekibeba kitabu na risiti, kwa adabu zangu zote. Kijana wa kaunta hata macho hakuyatoa kwa simu. Namwambia ndugu yangu, hiki kitabu kina kasoro, kurasa kumi na sita hazimo. Akakipokea, akakipekua kidogo, akanirudishia. "Ami, si umenunua kitabu cha mazingaombwe? Kurasa zimetoweka, basi kinafanya kazi." Na mwenzake kule nyuma kwa madaftari ha ha ha. Nikauliza mwenye duka yuko wapi, hayuko. Atarudi lini, hajulikani. Mali ikishauzwa hairudi, someni risiti. Someni! Kana kwamba tuko wengi.

Na kinachoniuma zaidi ni kuwa mle mle ndani kuna habari za Robert-Houdin, yule Mfaransa fundi wa saa, mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa kijana alikwenda kununua vitabu vya ufundi wa saa, muuzaji akampa kwa makosa vitabu vya michezo kama hii, na ndipo akawa bingwa. Wenzetu wakikosewa na muuza vitabu wanakuwa mabingwa. Mimi nimekosewa nikaitwa ami nikachekwa.

Kwa hivyo msinunue. Ama nunueni, lakini hesabuni kurasa moja moja pale pale kaunta, akikasirika akasirike. Nilikuwa nikipe nyota moja, ila lazima niseme ukweli, kwa ajili ya lile pengo nimekaa mbele ya kioo usiku kama wiki mbili, nikagundua kumbe sarafu unaiacha tu idondoke ndani ya mkono wa kushoto, na wa kulia unaondoka mtupu, na kosa langu halikuwa vidole, lilikuwa macho. Nilikuwa nachungulia pale ilipo. Ukiufuata kwa macho ule mkono mtupu, na wao wanaufuata. Juzi nimemfanyia yule yule mdogo, akafungua ngumi yangu mara tatu na hakuamini. Nyota nne basi. Hapana, mbili, nikikumbuka ile "ami" nasikia damu yapanda.

Kama kuna mtu ana nakala iliyo kamili, tafadhali niangalizie ukurasa wa 65, ile sentensi ya dole gumba inaishaje.