Kalenda ya kuchana yenye matukio ya kila siku: inunue, na uweke kalamu karibu

Kalenda ninayoizungumzia hapa ni ile ya karatasi moja kwa siku, ya kuchana kila asubuhi, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Juu pana jina la siku na tarehe kwa tarakimu kubwa, na chini yake pameandikwa nani alizaliwa tarehe hiyo, nani alifariki, na jambo gani lilitokea miaka iliyopita. Nimeitundika mkahawani kwangu hapa Malindi, juu ya meza ya mahamri, tangu Januari. Sasa mwaka unakwisha na naweza kuisema kwa haki. Inafaa. Shilingi 650 nilizotoa zimerudi zamani, maana mteja akishasoma ukurasa wa leo haondoki upesi. Ataagiza kikombe cha pili ili abishane na mwenzake.

Imetengenezwa vizuri. Karatasi haipenyezi wino, na gundi ya mgongoni imestahimili mvuke wa jikoni na hewa ya chumvi mpaka Desemba hii, wakati zile kalenda za picha tunazogaiwa na wenye maduka huwa zimekunjamana kabla ya mvua za masika. Tarakimu zinasomeka kutoka mlangoni. Tundu la kutundikia tu ndilo dhaifu. Ni kadibodi tupu, likachanika kwa uzito, nikatoboa jingine na kupitisha mshipi wa kuvulia. Ukinunua, fanya hivyo siku ya kwanza.

Utamu wa kalenda hii ni namna inavyowakutanisha watu wasiojuana kwa sababu ya tarehe tu. Ukurasa wa 22 Agosti unasema Mzee Jomo Kenyatta alifariki siku hiyo mwaka 1978, tena hapa pwani, Mombasa. Mstari wa juu yake unasema siku kama hiyo mwaka 1864 mataifa yalitia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa kuwahudumia askari waliojeruhiwa vitani. Mambo hayo mawili hayana undugu wowote. Lakini asubuhi ile mzee mmoja aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini alikaa akatusimulia jinsi kazi ilivyosimama habari ilipofika, na vijana waliokuja kunywa chai tu wakamwuliza maswali mpaka mbaazi zikapoa. Ukurasa wenyewe aliuomba, nikamchania, akaukunja akautia mfukoni mwa shati.

Ukurasa wa 12 Desemba ndio nilioungoja mwaka mzima, na ndio ulionifanya niandike haya. Umeanza panapostahili: Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, ikawa jamhuri. Halafu wametaja kwamba 12 Desemba 1901 Marconi, akiwa St. John's kule Newfoundland, alipokea kwa redio ishara ya herufi S iliyorushwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wametaja kuzaliwa kwa mchoraji Edvard Munch mwaka 1863, na kwa Rajinikanth mwaka 1950, jambo lililowafurahisha mno wapenzi wa filamu za Kihindi, na mkahawani kwangu hao ni wengi. Mwisho ni mkataba wa Paris kuhusu tabianchi, 2015. Chini ya hapo pamebaki nafasi nyeupe ya vidole viwili.

Mvuvi mmoja wa makamo kutoka Ngomeni alisoma mpaka mwisho, akanigeukia. "Mama, mbona roketi yetu hawakuiandika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini kidogo ya mji wetu, Waitalia walirusha setilaiti ya Wamarekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei angani. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo anayetaka kuiona sharti apeleke chombo juu ya hewa. Na hapa kwetu palichaguliwa kwa sababu: tuko karibu na ikweta, dunia inapozunguka huisukuma roketi kwa nguvu zaidi, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Uhuru ilifanya kazi mpaka 1973, na katika orodha yake ya mwisho vimo vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba wameona shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Basi nani amepungukiwa na nafasi hapo? Vidole viwili vinatosha kuandika "1970: Setilaiti Uhuru yarushwa kutoka pwani ya Malindi." Niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mweusi, na ukurasa ule sikuuchana siku iliyofuata. Niliubandika pembeni. Watoto wanaopita kununua mahamri wanausoma, na wengi wao hawakujua kabisa kwamba jina la uhuru wetu lilizunguka dunia juu ya vichwa vya watu, tena likianzia kwenye maji wanamovua baba zao. Ndiyo sababu nawaomba wachapishaji kwa moyo wote: ongezeni watu wa pwani mezani mwenu. Hata ukurasa wa 24 Desemba, nilioufunua mapema, unasema Vasco da Gama alifariki siku hiyo mwaka 1524 mjini Cochin, India. Ni kweli. Lakini haukusema kwamba mwaka 1498 ni hapa Malindi alipopokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Nguzo ya Wareno iko hapa hapa, juu ya mwamba, watalii wanaipiga picha kila siku.

Kwenye usahihi naipa alama nzuri, ila mahali pamoja. Ukurasa wa 23 Aprili unasema waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja mwaka 1616. Tarehe inafanana kwenye karatasi, siku si moja. Hispania ilikuwa imeshafuata kalenda mpya ya Papa Gregory tangu 1582, mwaka ambao waliotoka 4 Oktoba waliamkia 15 Oktoba, na Uingereza bado ilikuwa kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo Mwingereza alimfuata mwenziwe siku kumi baadaye; na Cervantes mwenyewe, kwa wanaochunguza sana, alifariki tarehe 22 akazikwa 23. Wachapishaji wangeweka mstari mmoja mdogo wa kueleza. Msomaji wa pwani angeuelewa haraka kuliko wote, maana sisi tunaishi na kalenda mbili tangu utotoni.

Na hapa niisifu tena. Pembeni mwa kila ukurasa wameweka tarehe ya Hijria. Wateja wangu wanaitazama hiyo kwanza, hasa karibu na Shaabani na Ramadhani. Ila wajue wanunuzi kwamba matukio yaliyoandikwa yote yamepangwa kwa miezi ya Kizungu tu. Maulidi ya Lamu, kwa mfano, huwezi kuyatafutia ukurasa mmoja wa kudumu. Huandamana na mwezi wa Rabiul Awwal, na mwezi huo hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka wa Kizungu. Shangazi yangu, mwenyeji wa Langoni, Lamu, alipokuja kunitembelea aliipekua yote akitafuta jina la Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, asilione. "Mwanangu, hii ni ya watu wa bara," akaniambia, akairudisha msumarini. Nilimwelewa, ingawa sikubaliani naye. Kitabu kidogo cha nyuma chenye kurasa chache za matukio ya Hijria kingemridhisha, na wala hakingepandisha bei sana.

Wapo pia ambao kalenda ya namna hii haiwezi kuwafikia kwa sababu siku zao hazikuandikwa na mtu. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, sanamu yake iko hapa mjini, lakini hana tarehe ya kuzaliwa ya kumweka ukurasani. Mimi ningemweka 20 Oktoba. Ukurasa wa siku hiyo unaeleza vizuri sana jinsi Gavana Baring alivyotangaza hali ya hatari mwaka 1952, Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na jinsi siku iliyoitwa ya Kenyatta ilivyogeuzwa kuwa Siku ya Mashujaa kwa katiba ya 2010. Shujaa wa Malindi angekaa hapo bila kumbana mtu.

Kuhusu kuinunua: muuzaji wangu ni duka la vifaa vya shule karibu na soko la zamani, na huduma yake sina neno. Nakala ya kwanza niliyochukua ilikuwa na kurasa za Juni zilizogandana, akanibadilishia papo hapo bila kuuliza risiti. Ipekue yote kabla hujalipa, hasa katikati, maana kasoro kama hiyo huioni mpaka miezi imeshapita. Za mwaka ujao zimeshafika. Bei imepanda hadi 700, na ukisubiri mpaka mwisho wa Januari wanapunguza, ila utakuwa umekosa ukurasa wa 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, ambao kwangu ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi. Mwenye mkahawa, kinyozi, fundi cherehani, yeyote ambaye watu humkalia wakingoja, achukue. Kwa nyumbani pia ni nzuri, mradi pawe na mtu wa kuchana kila siku. Mimi nimeshaweka oda ya mbili: moja ya ukutani hapa, na moja ya kumpelekea shangazi Lamu, nikishamjazia kwa kalamu zile tarehe za kwao.