Meza ya ofisi ya kupanda na kushuka: nunua miguu tu, ubao utachongewa hapa hapa Unguja

Kila anaeingia ofisini kwetu akaiona hii meza ya umeme inapanda, nikafanya kazi nimesimama, anataka kujua bei na nimeitoa wapi, basi naandika kwa kirefu anaetaka asome. Jibu la haraka ni kwamba nnaipenda, mgongo wangu umepata afuweni kweli, lakini kama uko Zanzibar usinunue meza kamili. Nunua fremu, yaani miguu na mota zake na kile kidude cha kubonyeza, halafu ubao wa juu nenda kwa seremala. Nimelishikilia hili kwa sababu nimeona meza nzuri zimekufa kwa ajili ya ubao wakati mota zake nzima kabisa.

Hizi meza zinazokuja kamili kwenye boksi, nyingi ubao wake ni ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi ukavishwa ngozi ya plastiki. Dukani unapendeza mno. Sasa ulete mjini, karibu na bahari, ipite masika moja, mchana AC imewashwa usiku imezimwa madirisha yamefungwa, na mtu amwage chai mara moja tu ikaingia kwenye pembe. Ofisi ya jirani zetu wa chini walinunua kamili namna hiyo kwenye duka moja la samani, mvua za Aprili hazijesha pembe zimevimba, ngozi inabanduka, na baya zaidi skrubu zikawa zinazunguka tu hazishiki kitu. Na skrubu zile ndo zilizoshika miguu. Meza ikipanda inayumba, kompyuta juu yake, mtu anaogopa hata kuigusa. Wamerudi dukani wakaambiwa warantii ni ya mota.

Mimi ubao wangu ni wa msaji, sm 140 kwa 70, unene kama sm 2 na nusu, na umekaa vile vile. Mninga na mvule pia sawa tu, muhimu mbao ziwe kavu, msaji mbichi ukiupiga vanishi leo baada ya muda unajikunja na miguu ya meza haitokubali kukaa sawa. Msaji wa bara unapatikana, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro, muulize muuzaji umekatwa lini na umekaushwa vipi, akibabaika nenda kwa mwengine. Na usimpelekee fundi vipimo vya kwenye karatasi, mpelekee fremu yenyewe. Wangu alinambia, "Dada, nipe hiyo miguu niione kwanza, mie sichongi kitu cha kukisia," na alikuwa na haki, maana matundu ya fremu hayakulingana na ule mchoro uliokuja ndani ya boksi.

Mambo ya kumwambia fundi: matundu ya skrubu kwenye vyuma vya fremu yawe marefu kidogo kwenda upande, sio duara kamili, kwa sababu mbao halisi ya mti inatanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kaskazi, ukiibana moja kwa moja inapasuka. Atoboe kwanza kwa drili nyembamba ndo atie skrubu. Msaji una mafuta yake, kwa hiyo kabla ya gundi au vanishi aufute vizuri na tina, akiruka hapo vanishi itatoka vipande vipande. Na ukingo wa mbele aupige randa na msasa uwe mviringo, mikono yako itakaa pale siku nzima.

Sasa urefu, na hapa nawaomba hasa wanawake wenzangu na wafupi wote msikilize, maana wauzaji wanakutajia inapanda mpaka wapi, hawakutajii inashuka mpaka wapi. Miguu ya bei rahisi ina vipande viwili vinavyoingiana, na mara nyingi inashuka mpaka kama sm 70 hivi, haiendi chini zaidi. Miguu ya vipande vitatu inashuka mpaka kama sm 60 na kupanda hadi 125. Mtu wa sm 155 kama mimi, nikikaa nyayo zimegusa chini na viwiko vimekunjwa sawa, meza inatakiwa iwe kama sm 62 au 63. Meza ya 70 na zaidi inanilazimisha ninyanyue mabega au nipandishe kiti miguu ining'inie, na hapo ndo maumivu ya shingo yanapoanza, unabaki kusema ni kompyuta. Nikisimama nnahitaji kama sm 97, yaani wala sikihitaji hicho kimo kikubwa wanachojisifia. Mwenzangu mwenye futi sita yeye anaihitaji kama 112. Kabla hujalipa chukua futi ya fundi, kaa, pima kutoka chini mpaka kiwikoni, halafu simama upime tena na viatu unavyovaa kazini au bila viatu kama ofisi yenu mnavua mlangoni. Na uulize kipimo walichoandika ni cha fremu peke yake au na ubao, hizo sm 2 au 3 za ubao kwa mtu mfupi ni kitu kikubwa.

Mota moja au mbili? Mbili. Yenye mota moja inazungusha mguu wa pili kwa chuma kinachopita katikati, nyingi zinabeba kama kilo 70 au 80 na zinakwenda taratibu na makelele. Za mota mbili zinabeba 120 na zaidi. Ubao wa msaji peke yake una kilo 16 hivi, weka skrini mbili, printa, mafaili, halafu kuna watu wakizungumza na wewe lazima waegemee meza. Ukiwa na laptopu tu na ubao mdogo, moja itakufaa, ila kwa ofisi mie sishauri. Watengenezaji wa mota wanaojulikana ni Linak wa Denmark na Jiecang wa China, fremu nyingi zinazouzwa kwa majina tofauti ndani yake utakuta mota za Jiecang, kwa hiyo usilipe bei mbili kwa sababu ya jina lililobandikwa nje.

Kitu chengine, kwenye lebo utaona maandishi ya asilimia 10. Maana yake mota ifanye kazi dakika 2 ipumzike 18. Watu wakija kuichezea juu chini juu chini inajizima yenyewe, haijaharibika, iwacheni ipoe.

Haya, umeme. Najua hofu ya watu, na sisi tuliokuwepo ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima kiza, hatulaumiwi kwa kuogopa kitu kinachotegemea umeme. Sasa tuna ile waya mpya ya baharini ya megawati 100 tangu 2013, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, hali si ile tena ingawa kukatika kupo. Lakini kukatika kwenyewe hakuidhuru meza. Umeme ukikatika inabaki pale pale ilipo, haishuki, kwa sababu ndani ya mguu kuna skrubu ndefu inayojishika yenyewe. Ukikatika umesimama utaendelea kusimama au utahamia meza ya mwenzio, basi. Kibaya ni pale unaporudi kwa kishindo, hapo ndo kile kiboksi cha umeme kilichofungwa chini ya meza kinaungua, na bila hicho kiboksi umebaki na meza ya kawaida. Chomeka kwenye stebilaiza au angalau eksitensheni yenye kinga, na ofisi ikifungwa chomoa kabisa. Ikitokea umeme umerudi na meza inaonesha herufi za ajabu haipandi, nyingi dawa yake ni kushikilia kitufe cha kushuka mpaka ifike chini kabisa, usiachie, inajitingisha na kupanda kidogo, hapo imejipanga upya.

Wale wenye jamaa Muscat au Dubai mna bahati, umeme wao ni kama wetu na plagi ni ile ile ya meno matatu bapa. Anaeletewa kutoka Marekani aangalie lebo kwanza, kule ni volti 120, kama kiboksi hakijaandikwa 100 mpaka 240 usikithubutu kukichomeka hapa.

Ofisi yetu iko Mji Mkongwe ghorofa ya pili na hilo nalo nilisemee, kwa sababu maofisi mengi yako kwenye majumba yale. Vyumba vyake vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti ambazo ni kama mita 3, ukiweka meza ya sm 80 upana na kiti nyuma yake mtu hapiti. 70 inatosha, hata 60 kwa laptopu. Halafu ngazi, jamani. Boksi la meza kamili yenye ubao wa kipande kimoja halikati kona ya ngazi zile, za jirani zetu zililetwa na rikwama mpaka mlangoni na mahamali wakashindwa, ikabidi boksi lifunguliwe njiani. Fremu inakuja imefunguliwa kwenye boksi fupi, zito lakini watu wawili wanapanda nalo. Sakafu zetu pia haziko sawa, kwa hiyo hakikisha miguu ina vile vifundo vya chini vya kuzungusha vya kusawazishia, ukishaifunga ipandishe mpaka unaposimama, uandike kidogo, uangalie skrini inatikisika vipi. Ikitikisika sana kaza skrubu zote upya baada ya wiki, mbao mpya inalegea kidogo.

Kutu: chumvi ya bahari haimjui mtu. Rangi ya fremu yangu nzuri lakini skrubu zilizokuja nayo zilianza wekundu mapema, nikabadilisha zote nikatia za stenlesi. Futa miguu na kitambaa kikavu, usimwage mafuta ya kupikia kwenye ile miguu kama nilivyoona mtu anafanya, yanashika vumbi.

Kuhusu afya nataka niwe mkweli kwa sababu wauzaji wanatia chumvi sana. Meza hii haikupunguzi mwili, tofauti ya kusimama na kukaa ni kama kilokalori 9 kwa saa. Wala kusimama kutwa si dawa, utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney uliotoka 2024, wa watu zaidi ya 83,000 wa Uingereza, ulikuta kusimama sana hakupunguzi hatari ya maradhi ya moyo na kusimama zaidi ya masaa mawili kwa siku kunaweza kuongeza matatizo ya mishipa ya miguuni. Faida nnayoiona mimi ni ya kubadilisha, nikae nusu saa, nisimame robo saa, adhuhuri nakwenda kusali, nikirudi nakaa. Kiuno hakikazi tena ile saa tisa. Kwenye taili weka kipande cha mpira mzito chini ya miguu, bila hivyo visigino vitauma na utaacha kusimama kabisa.

Zile za kuzungusha kwa mkono nimezijaribu, ni imara na rahisi, ila ukweli watu hawazungushi, inabaki juu au inabaki chini.

Bei: fremu ya mota mbili vipande vitatu ilinifikia laki nane na kitu kutoka Dar pamoja na nauli ya boti na uchukuzi, ubao na ufundi haukufika nusu ya hiyo. Si pesa ndogo. Kama huna, mwambie seremala akuchongee kimeza kidogo cha kuweka juu ya meza yako, kwa kipimo cha viwiko vyako ukiwa umesimama, laptopu inapanda hapo ukitaka kusimama na kuondoka ukitaka kukaa, gharama yake ni mbao na siku moja ya fundi.

Walioko Pemba wanaoniuliza: mzigo unafika Mkoani au Wete kwa boti bila tabu, ila agizeni na kiboksi cha umeme cha akiba siku hiyo hiyo mnaponunua, na muandike modeli yake pembeni, maana hicho ndo kinachokufa mwanzo na kukitafuta peke yake baadae ni kazi.