Kisumu hadi Bwindi kwa siku tano: gari zuri, hesabu chafu

Safari hii huuzwa na kampuni moja ya Kisumu: Busia, Jinja, Kampala, kisha msitu wa Bwindi kuona gorila wa milimani. Gari ni imara, dereva si wa mbio. Kasoro iko kwenye pesa.

Bei ni moja ya jumla. Ukiuliza kibali cha gorila ni ngapi, jibu ni "kimo ndani". Mwana Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, kama 11,000 za kwetu Kenya. Mtalii wa kutoka mbali, dola 800. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa gizani. Kibali hutolewa na mamlaka ya wanyamapori ya serikali, na serikali ni ya Museveni tangu 1986. Pesa hiyo huwezi kuinyima serikali, hakuna njia ya panya: bila kibali huingii. Kisheria asilimia 20 ya kiingilio cha getini hurudi kwa vijiji jirani, lakini kiingilio si kibali, usichanganye.

Pesa unayoweza kuielekeza mwenyewe ni ya malazi, chakula na mpagazi. Kampuni haimtaji mpagazi kabisa, kwa hiyo wateja hufika bila noti za Uganda, na kijana aliyewavuta mkono matopeni anaambulia asante. Jioni kuna ngoma za Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu huo. Hakuna anayewaambia wageni kwamba Wabatwa walitolewa msituni humo ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Uliza wachezaji wanalipwa na nani, tena uwaulize wao, si meneja wa hoteli.

Dereva pia hasemi lolote kabla ya daraja la Naili pale Jinja, penye askari na marufuku ya picha. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na kwenye uchaguzi wa mwezi huo intaneti ilizimwa siku kadhaa. Wiki ya kura usiende. (Tusijifanye malaika: nyani haoni kundule, na Juni 2024, wakati wa maandamano, Nairobi nasi tuliona intaneti ikiyumba.)

Nyota tatu kati ya tano. Kabla ya kulipa, dai nakala ya kibali yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa gorila, hata kama kampuni imekwisha pokea pesa zake.