Kochi aliniambia napalilia mahindi: masomo yangu ya gofu Kisumu

Kwa mwenye haraka: kama unataka kufundishwa swingi ya gofu, yaani namna ya kuzungusha fimbo, na hujali kuchekwa mbele za watu, nenda kwa huyu kijana. Mimi najali.

Nina duka la mabati na misumari Kibuye. Wateja wangu wakubwa ni watu wa ujenzi, na Jumamosi hawashiki simu, wako gofu. Nikachoka kuwa mtu wa kusubiri Jumatatu. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa kochi anayefundisha kwenye uwanja wa nyasi wenye neti, upande wa kuelekea Kibos. Si klabu. Unalipa kwa saa, na mkebe wa mipira unalipa kando, jambo ambalo kwenye simu hakulitaja. Lakini hilo niliache, si ndilo linalonichoma.

Somo la kwanza hatukupiga mpira hata mmoja. Kushika fimbo tu, saa nzima. Mkono wa kushoto, fimbo ilale kwenye vidole, si katikati ya kiganja. Ukitazama chini uone vifundo viwili. Kidole kidogo cha kulia kikalie pengo kati ya cha shahada na cha kati cha kushoto. Na usibane! Mimi miaka yote nimeinua mabati, mikono yangu haijui kushika kitu bila kukibana. Nilijihisi kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko. Nikarudi nyumbani na hasira ya pesa yangu. Leo nakiri, lile somo lilikuwa halali yake. Kila nikikosea kushika, mpira unakata kulia, unavuka waya na kutua kwenye sukuma wiki za jirani. Bibi mwenye shamba huiokota na kukuuzia tena. Simlaumu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa somo la tatu au la nne, alasiri, jua lile la Kisumu la kabla ya mvua, shati limegandana na mgongo. Napiga na fimbo ya kichwa cha chuma, namba 7. Mpira unabingirika kama limau lililoanguka sokoni. Napiga tena, unabingirika. Kochi yuko na simu sikioni, ananipigia kelele bila kuikata: "Inua, mathe! Inua mpira!" Nikauinua kweli. Nikaegemea nyuma, kifua juu, mikono ikavuta. Fimbo ikagonga utosi wa mpira, halafu ya pili yake ikachimba udongo kabla ya kuufikia. Ndipo akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mathe, hapo si kupiga gofu. Hapo unapalilia mahindi."

Wazee wawili waliokuwa neti ya pembeni wakacheka. Mmoja namfahamu, amewahi kununua mabati kwangu kwa mkopo. Alicheka na deni langu mfukoni.

Kwanza, mimi si mathe wake. Pili, mahindi napalilia kweli, nina shamba Maseno, na hayo mahindi ndiyo yaliyolipa ada ya shule kabla duka halijasimama. Usiku sikulala vizuri. Jumapili nikiwa shambani nikajikuta nasimama katikati ya mstari, jembe mkononi, najitazama. Jembe unaliinua moja kwa moja juu na kulishusha moja kwa moja chini, kiuno kimetulia, mikono na mgongo ndivyo vinavyofanya kazi. Na ndivyo hasa nilivyokuwa nikipiga mpira. Yule mwenye mdomo mchafu alikuwa ameona sawasawa. Hilo liliniudhi kuliko kicheko.

Nikarudi, maana nilikuwa nimelipia masomo kwa pamoja na alishasema pesa hairudi. Siku hiyo simu yake haikuwa na chaji. Mtu tofauti kabisa! Akatandika kitambaa nyuma ya mpira, umbali wa shubiri moja, akasema nisikiguse. Basi. Ukikaa nyuma na kujaribu kuinua, unakipiga kitambaa. Ili usikipige, lazima uzito uhamie mguu wa kushoto, nyonga zifungue kwanza, mikono ije nyuma yake, na chuma kishuke kwenye mpira kisha kwenye nyasi zilizo mbele yake. Uso wa fimbo umelala kidogo. Huo ulalo ndio unaopandisha mpira, si wewe. Nikamwambia, "Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyeniambia niuinue." Akanijibu, bila aibu, "Nani? Mimi? Siwezi kusema hivyo."

Niliwaza kuondoka. Kisha nikapiga.

Kitambaa hakikutikisika. Sauti ilikuwa kavu na fupi, na mikononi sikuhisi kitu, kama nimepiga hewa. Mpira ukapaa, ukapaa, ukaonekana mweupe juu ya ile miti, na kipande cha nyasi ukubwa wa chapati kikaruka mbele yangu. Nimeuza mabati ya majumba ya ghorofa na sijawahi kusikia raha ya namna ile.

Basi nimpe alama gani? Kwa kufundisha nilitaka kumpa nne kati ya tano. Kwa adabu, sifuri. Nikafanya hesabu ya tatu, halafu nikakumbuka ule mkebe wa mipira, nikashusha hadi mbili. Masomo mengine matano nimeshalipia, msiniulize kwa nini.

Na ule mpira? Niligeuka nimwonyeshe. Alikuwa amepata chaja kwa mlinzi, amechuchumaa ukutani, simu sikioni. Akaniinulia kidole: "Mathe, saa yako imeisha."