Nakala za Sarafu za Shaba za Roma: Picha Safi, Rangi Imekosewa

Kisanduku cha nakala 12 za sarafu za Roma ya kale, nilichokiagiza mtandaoni kwa shilingi 60,000 kwa ajili ya somo la historia katika shule ninayofundisha hapa Ujiji, kilifika Kigoma kwa basi bila sarafu hata moja kukwaruzika.

Uchongaji wake unastahili sifa. Iliyotoka vizuri kuliko zote ni sestertio, sarafu kubwa ya shaba, ya Kaisari Vespasian ya mwaka 71, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kuanguka: mwanamke ameketi chini ya mti akiomboleza, na maneno IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa, yanasomeka bila lenzi. Wanafunzi waliuita mti huo mchikichi, nami sikuwalaumu, kwa kuwa Kigoma huo ndio mti wetu. Kumbe ni mtende, alama ya Yudea. Hata mchuuzi asiyejua kusoma angeitazama picha hiyo akatambua nani ameshinda na nani ameshindwa.

Kasoro kubwa ni rangi. Sarafu zote zimepakwa kahawia iliyokolea, kana kwamba Warumi walifanyia biashara sarafu zilizokwisha kukaa ardhini karne nyingi. Tangu mageuzi ya sarafu ya Kaisari Augustus, sestertio na dupondio, sarafu yenye thamani ya nusu yake, zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, yenye umanjano unaokaribia dhahabu, na asi, sarafu ya thamani ndogo zaidi, kwa shaba nyekundu. Dupondio ilikuwa na thamani ya asi 2 ingawa ukubwa wake ulikaribiana na wa asi, hivyo mtu alizitofautisha kwa rangi, na kuanzia enzi za Nero, mara nyingi pia kwa taji la miale alilovishwa kaisari kwenye dupondio. Zoezi langu la soko, ambamo dinari 1 ya fedha huvunjwa kuwa sestertio 4 au asi 16, lilivurugika kwa sababu hiyo.

Sestertio niliyoipeleka kwa sonara ilikuwa na gramu 14, ilhali ya kweli ilikaribia gramu 25. Kijitabu kilichokuja na sarafu nacho kinadai kuwa herufi S C ni alama ya fundi. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa azimio la seneti".

Muuzaji amekubali kukisahihisha kijitabu, lakini kuhusu rangi amejibu kwamba kahawia ndiyo wanayoipenda wateja. Nampa nyota 3 kati ya 5.