Wamezilaza hereni zangu, halafu wakanidai bei ya rafu ya tanuri

Mazuri yao nitayasema nikitulia. Kwa sasa nataka mwenye hereni zake za udongo anayetafuta pa kuzichomesha hapa Dar asome hii kwanza. Jina la karakana nalihifadhi, waliowahi kufika pale wataijua.

Na sizungumzii ule udongo wa plastiki unaookwa kwenye oveni ya keki kwa nyuzi 130. Nazungumzia udongo wa mfinyanzi, unaousukuma kama chapati nyembamba, unakata, unatoboa, unaacha ukauke polepole kivulini usijikunje. Tundu unalitoboa kubwa kuliko ndoano, maana mpaka udongo umalize moto unakuwa umesinyaa asilimia 10 au zaidi. Ni kazi ya subira, na subira yangu ndiyo waliyoichoma.

Mchomo wa kwanza, wa nyuzi 1000 hivi, sina neno nao. Hapo hereni haijapakwa glezi, ule mpako wa kung'arisha, hata ukizirundika hazishikani. Zilirudi bila ufa nikawasifia mpaka kwa wauza urembo wenzangu. Sifa hizo nimeshazifuta.

Balaa ni mchomo wa pili. Glezi ikifika nyuzi 1200 na kitu inayeyuka kuwa kioo, na ikipoa inaganda na chochote ilichogusa. Kikombe kina kitako kisichopakwa, ndicho kinachokaa kwenye rafu ya tanuri. Hereni haina kitako! Nimeipaka mbele na nyuma, kwa hiyo inatungwa kwenye waya unaohimili moto, kama mishikaki, zining'inie bila kugusana. Waya huo wanao, umetundikwa ukutani kwao, nimeuona kwa macho yangu. Nikamweleza kijana anayepokea mizigo, na bado nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu juu ya boksi: ZITUNGWE, ZISILAZWE. Akacheka. "Dada, usiwe na presha."

Amezilaza.

Nilipofuata mzigo nikaletewa rafu nzima, hereni zimeng'ang'ania juu yake, za kijani zimetambaa zikaungana na za bluu, matundu yamezibwa kwa kioo. Rafu yenyewe haikupakwa hata ule uji wa kaolini, yaani udongo mweupe, na alumina unaozuia vitu kunata. Kaolini, jamani! Vilima vyake viko Pugu hapo, ukitaka unapanda daladala.

Haya, kazi ya moto ina ajali zake, hilo ningelimeza. Lakini kijana anaitazama karatasi yangu, bado imebandikwa kwenye boksi, kisha ananiambia, "Si hereni tu hizi, dada? Kariakoo unapata dazeni kwa bei ya soda." Sijakaa sawa, ananidai bei ya rafu. Eti nimeiharibu. Mimi, niliyekuwa nyumbani kwangu nimelala wakati yeye anafunga mlango wa tanuri! Pole hakunipa hata ya uongo.

Nimtoe mtu mmoja kwenye hasira zangu. Kwa nyuma kulikuwa na mama mtu mzima anakanda udongo, nadhani alisikia sauti yangu ikipanda. Nikamwamkia, akaitikia, akamwambia kijana, "We mtoto, karatasi hukuiona?" Akachukua patasi na nyundo, akapiga taratibu pembeni, jozi moja ikabanduka nzima. Nyingine zikavunjika, nyingine ziko kwenye rafu hadi leo. Akasema, "Pole mwanangu, siku nyingine niletee mimi."

Na hapa ndipo ninapojichanganya. Ile jozi, baada ya kusugua makali ya nyuma kwa jiwe la kunolea, ni nzuri ajabu. Kijani cha shaba, kizito chini, juu kinafifia hadi udongo unachungulia kwenye kingo. Huo urembo plastiki haitoi hata uioke mwaka. Tanuri lao linachoma sawasawa, siwezi kulisingizia. Kila nikizivaa naulizwa nimenunua wapi, na kwa ajili hiyo nilishaanza kuandika nyota tatu.

Halafu nikakumbuka "si hereni tu". Nikakumbuka pia kwamba hela yangu ya mchomo sijarudishiwa. Kila nikiwaandikia najibiwa "tunalifanyia kazi", na mara moja wamenitumia picha ya rafu mpya, sijui niisifie au niilipie. Nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya yule mama, wasije wakaigawana.

Ukiamua kwenda, ulizia kwanza kwa simu kama mama yupo. Ukiambiwa yuko kijana peke yake, boksi lako libaki nyumbani.