Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam: Mahali pa Kuipumzisha Simu

Katika likizo yangu nilitenga asubuhi kadhaa za kuzima simu na kusoma katika Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa sababu nilikuwa nimefikia hali ya kupitia vichwa vya habari tangu alfajiri bila kukumbuka hata kimoja ifikapo jioni. Jengo hilo, lililofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, linafaa mno kwa kazi hiyo, kwani ukimya wa wasomaji wenzako unakusaidia kutulia pale ambapo nia yako peke yake ingeshindwa.

Saa ya kwanza ilikuwa ngumu. Mkono ulienda mfukoni mara kwa mara. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nikisoma kurasa arobaini kwa mkao mmoja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka.

Ninachokithamini zaidi ni rafu zenyewe. Kwa kuwa sheria inawataka wachapishaji nchini kuwasilisha nakala za vitabu vyao, hapa unaweza kukutana na kitabu cha Kiswahili ambacho kimekwisha kutoweka madukani, nawe ukakigundua kwa sababu tu kilikaa jirani na kile ulichokitafuta. Simu hainipi bahati hiyo, maana hunirudishia yaleyale niliyokwisha kuyatazama.

Naipendekeza kwa moyo wote. Fika mapema, uchukue daftari na kalamu, na uwaarifu watu wa nyumbani kwamba hutapatikana hadi mchana.